Mbuzi Walioletwa Kabla ya Kosa Kutajwa

Aliyenipa habari ya kifo chake hakuwa ndugu yake, wala jirani yake wa Kakuma, wala mteja wake. Lilikuwa shirika. Ujumbe uliingia asubuhi katika kundi la simu la kanisa letu hapa Lodwar, kabla hata dada yake kule Lopur hajaambiwa, nao ulisema, "Mtoto wetu ametutoka." Mtoto gani, jamani? Marehemu alikuwa mzee mwenye wajukuu na mvi za kutosha, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye milango mingi ya Kakuma imepita mikononi mwake. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi ni mtu wa kushuku, tena kushuku kumenisaidia kuliko mambo mengi niliyofundishwa. Alikufa hospitalini, kwa ugonjwa wa kifua, na juu ya kifo chenyewe sina neno. Ninachoshuku ni ile haraka ya kumwita mtoto.

Ni kweli aliwahi kuwa mtoto wao. Katika ukame mmoja mkali, mifugo ya nyumbani kwao ilipokwisha, dada yake mkubwa alimshika mkono akampeleka kwenye makao ya watoto ya shirika hilo la dini, nje kidogo ya Lodwar, akamkabidhi kwa mlezi mkuu. Dada huyo alirudi Lopur akimshukuru Mungu, maana mdogo wake sasa angekula na kusoma. Alikula kweli, na kusoma akasoma. Lakini mlezi yule alikuwa akiwanajisi watoto. Naliandika neno hilo lilivyo kwa sababu marehemu alichoka kusikia likiitwa "changamoto za wakati ule". Minong'ono ilipozidi, mlezi hakushtakiwa wala hakufukuzwa. Alihamishwa. Alihamishiwa wapi, na je, huko nako kulikuwa na watoto? Hilo ndilo swali alilolibeba fundi huyu maisha yake yote, na mpaka anaingia kaburini hakuna aliyemjibu.

Nilimfahamu kwa sababu ya geti. Nilikuwa nimekwenda Kakuma kungoja alimalizie, nimekaa kwenye kibanda chake karibu na stendi ya mabasi ya kwenda Kitale, nikisikia Kisomali upande huu na Kiswahili cha Kikongo upande ule, mara akaingia bwana mmoja mwenye shule ya binafsi. Alitaka milango ya mabweni. Wakasalimiana kwa Kiturkana, ejok kwa ejok, wakakubaliana upana na urefu vizuri tu, mpaka walipofika kwenye makomeo.

"Komeo liwe nje," yule bwana alisema. "Hawa watoto wanatoroka."

Fundi akazima mashine, akavua miwani yake ya kazi. "Ndani analala nani?"

"Watoto."

"Na nje, mwenye anabaki na hiyo komeo ni nani?"

"Ni mwalimu wa zamu, bwana. Kwani kuna shida gani?"

"Mimi hiyo sitengenezi. Komeo yangu inakaa ndani. Mtu akilala, ajifungie mwenyewe."

Mwenye shule alicheka akidhani ni utani, kisha akakasirika, kisha akaenda zake kwa fundi mwingine. Nikamwambia mzee kwamba ukaidi huo utamlaza njaa. Alirudi kwenye geti langu, akachomelea kipande kizima, ndipo akasema bila kuniangalia, "Wewe ulishawahi kusikia komeo ikifunguliwa kutoka nje, na wewe uko ndani, na unajua ni nani anafungua?" Nikasema sijawahi. "Basi usiniambie mambo ya njaa." Siku hiyo alinieleza yote, na tangu hapo nikipita Kakuma sikukosa kumsalimu.

Sasa niwape ya mbuzi. Miaka michache iliyopita, watu waliokulia mle makaoni walianza kusema hadharani, na shirika likaona mambo yanaharibika. Kumbuka, lile jengo la makao wakati huo lilikuwa limeshapakwa rangi upya na kugeuzwa nyumba ya wageni na ukumbi wa semina. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa humo siku nzima nikifundishwa ulinzi wa watoto, napewa soda na kalamu, na hakuna aliyethubutu kusema chini ya paa gani tumekaa. Basi wakubwa wa shirika wakaambiwa na mjuaji fulani kwamba huku Turkana kosa humalizwa kwa nyama. Wakawaita waathiriwa na wazee ukumbini, mbuzi wakachinjwa, wali ukapikwa, kukasaliwa. Mwakilishi akasimama akasema shirika "linasikitishwa na maumivu yoyote ambayo huenda mtu yeyote aliyapata". Kisha sahani zikaanza kuzunguka.

Walichokosa kumwuliza yule mjuaji ni mpangilio. Ni kweli nyama ipo. Wazee wakikaa kwa umri wao kwenye akiriket, ile duara ya wanaume na moto na nyama, ugomvi mkubwa unaweza kuishia pale. Lakini nyumbani kwa marehemu, kama ilivyo kwa wengi ninaowafahamu huku, mkosaji hutanguliza mdomo wake. Anasimama mbele ya watu, anasema nilifanya hivi, nilimfanyia fulani, watu wanamsikia. Mnyama hufuata baadaye. Ukianza na mnyama, umewalisha watu tu. Fundi wetu alipopewa sahani aliishika, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii mbuzi imekuja kufanya nini?" Mwakilishi akajibu kwamba ni ya upatanisho. "Ya kupatanisha nani na nani? Mwenye alikosa ako wapi? Alifanya nini? Sema, halafu nitakula." Akaiweka sahani chini akatoka nje, akakaa juani.

Wengine walikula. Hakuwalaumu, na mimi pia siwalaumu, maana mwenye njaa hana miiko na mwaka ule mvua haikuwa imenyesha. Lakini angalia kilichofuata. Tangu siku ile, kila mtu akiliuliza shirika swali, jibu ni moja: jambo hilo lilishamalizwa kimila. Wakiulizwa mlezi alipelekwa wapi, wanasema uongozi wa siku hizo haupo tena, na shirika lenyewe lilishabadilisha jina. Ajabu ni kwamba wakitafuta wafadhili, uongozi huo huo usiokuwepo unarudi, na picha za visima vya zamani zinatundikwa ukutani. Kisima ni chao, dhambi ni ya waliopita.

Najua wako watakaonitumia maneno makali. Wataniambia mashirika haya yamechimba maji, yamejenga zahanati, yamesomesha nusu ya maofisa wa kaunti. Sikatai. Mimi mwenyewe nakunywa maji hayo. Ila napenda kujua ni nani alituambia kwamba maji na ukweli haviwezi kutoka kwa mtu mmoja. Huku kwetu tumezoea msaada mpaka tumesahau kuuliza. Lori likifika tunapanga foleni, kibao kikisimikwa tunapiga makofi. Mtu aliyekulishia mwanao, utamshtaki kwa mdomo gani? Hapo ndipo mtu mbaya hupata kivuli cha kukaa. Anajificha nyuma ya gunia la unga, na anayemwona anaogopa kwamba akisema, gunia nalo litaondoka. Na wakubwa wake wanalijua hilo. Ndiyo maana siamini ukarimu unaokuja mbio siku ya msiba.

Maana walikuja. Siku ya mazishi kule Lopur, lori la shirika lilifika mapema kuliko wajomba. Likashusha hema, viti, tangi la maji, mchele, na mbuzi wazuri walionona. Afisa aliyekuja nalo ni kijana wa watu, mpole, mtu wa kutoka nje ya Turkana, nadhani hata hakuambiwa vizuri anatumwa kufanya nini. Alikuwa na hotuba mfukoni. Vijana wakanoa visu. Dada wa marehemu, yule yule aliyemshika mkono mdogo wake akampeleka makaoni, akainuka kwenye ngozi aliyokalia, akaenda akasimama katikati ya visu na mbuzi.

"Hii mbuzi ni ya nini?" akauliza.

"Ni rambirambi, Mama," afisa akasema. "Tumempoteza mtoto wetu."

"Rambirambi ni ya mtu amekufa. Huyu najua amekufa na nini, ni kifua. Mimi nauliza ya ule mtoto nilileta kwenu. Nilileta akiwa mzima."

Yule kijana akainamisha kichwa. "Mama, mimi sikuwepo."

"Najua wewe hukuwepo. Sina vita na wewe. Rudi uniletee mwenye alikuwepo, ama mwenye alimficha. Aseme hapa, hawa watu wasikie. Mbuzi itangoja."

Visu vikarudi alani. Hotuba haikusomwa. Tulimzika mzee wetu kwa chai ya rangi na maombi ya wajomba zake na padri wa kanisa letu, tumbo tupu, na mbuzi wakilia pembeni kila padri aliponyamaza. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Jioni afisa alijaribu kupakia mbuzi wake, mama akamkataza. Ukiondoka nao, alimwambia, mtasema mlileta tukakataa. Waache hapa, ili kila anayepita aone kuna neno bado halijasemwa.

Wiki iliyopita nilipita Lopur kumjulia hali yule mama. Mbuzi wa shirika wamo katika zizi lao peke yao, anawanywesha na kuwapeleka malishoni, lakini hawachanganyi na wake. Wengine wameshazaa. Wa kwake wote wamekatwa masikio kwa alama ya ukoo, hawa masikio yao ni mazima, hata ya wale waliozaliwa juzi. Nikamwuliza, je, wakizeeka kabla mtu hajaja? Na mimi nawauliza ninyi mnaosoma, hasa mnaoketi kwenye kumbi zenye rangi mpya: kabla hamjapokea sahani, mmeuliza imekuja kufanya nini? Kusamehe kunawezekana, na hata mama huyu hajakukataa. Ila msamaha una mlango wake, na komeo la mlango huo liko upande wa aliyeumizwa.

Mama alinijibu huku akimtenganisha mwanambuzi mmoja aliyejipenyeza kwenye kundi lake. "Hawa wanazaa," alisema. "Wakija kusema, tutakula sisi wote. Wasipokuja, mjukuu wangu atachunga, na watu watamwuliza hii mbuzi ni ya nani, na yeye atawaambia."