Kabla ya Kuloweka, Pekua

Jamani, bibi yangu ni dobi, na baba yake alikuwa dobi, na ukimletea suruali lazima kwanza apekue mifuko. Lazima! Ni sheria ya baba yake: kabla ya kuloweka, pekua. Ameshatoa humo funguo, meno ya bandia, hadi pete ya uchumba kwenye suruali ya mume wa mtu. Siku hiyo mbavu hatuna!

Sasa watu wa makumbusho wakaja kuuliza habari za vita, maana baba yake ndiye aliyekuwa akifulia askari kambini. Bibi alivyofurahi! Akawapa picha ya baba yake na pasi yake ya mkaa, akawaeleza na ile sheria.

Siku ya ufunguzi akavaa gauni jipya. Maandishi madogo hayaoni, kwa hiyo nikamsomea mimi. Picha imekuzwa ukuta mzima, marehemu kola imenyooka hiyo, na chini yake: "Jasusi wa kambini. Alijifanya dobi ili apekue mifuko ya askari."

Bibi akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Akamwendea mkuu wa makumbusho. "Mwanangu, baba hakujifanya dobi. Alikuwa dobi."

"Lakini mama, si ulisema alikuwa anapekua mifuko?"

"Wewe shati lako anafua nani?"

"Mashine."

"Ndiyo maana."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Maandishi yakabaki palepale. "Mama, chumba cha majasusi ndicho kinachojaza watu," mkuu akasema. "Tukiandika dobi, nani ataingia?"

Mtaani utani ukaanza. "Shikamoo bibi jasusi! Barua yangu ya mapenzi umeisoma?"

"Marahaba. Nimeisoma, umeachwa."

Mdomo anao! Ila mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akaleta nguo mifuko yote ameigeuza nje, inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Yeye hakuwa anatania. Bibi akazipokea.

Tangu hapo hapekui tena. Anapokea, anatumbukiza.

Jana kalamu ikapasukia kwenye beseni la mashati meupe ya wahudumu wa hoteli. Maji yote bluu! Mimi mbio kutafuta ndimu. Kurudi, namkuta Bibi ameingiza mkono kwenye mfuko wa shati, ameitoa kalamu, ameishika tu.

"Baba angenichapa," akasema, shati akalirudisha majini.