Tenisi Isiyohesabiwa Pointi

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Same nikichagua ndizi. Aliyeniletea alisema tu, "Yule mzee wa kanisa wa kule juu katutoka," kisha akaendelea kubishana na muuzaji. Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua sipendi marehemu wanaogeuka malaika siku ya kuzikwa. Huyu nitamsifu, na mtanivumilia. Alikuwa mtu wa sala, baba wa watoto wengi, mume wa mke mmoja aliyemwogopa kidogo kama inavyotakiwa, na, jambo ambalo mahubiri ya mazishi yaliliruka kana kwamba ni ugonjwa wa aibu, alikuwa mwalimu wa tenisi.

Wakati wa Mwingereza sote wawili tulikuwa watumishi bomani Same, mimi karani, yeye tarishi. Nyuma ya boma palikuwa na uwanja wa klabu ya Wazungu, naye kazi yake ilikuwa kuvuta roli la kushindilia udongo. Wazungu wenyewe walikuwa wachache na malaria iliwapunguza zaidi, hivyo jioni moja Bwana Shauri, mkubwa wetu wa Kizungu pale bomani, akakosa mtu wa kucheza naye, akamkabidhi raketi. Basi jamaa akaupenda mchezo ule, akaupenda mno. Muda si mrefu akawa anamfundisha Bwana Shauri jinsi ya kusimama na jinsi ya kupiga, na katika sala ya asubuhi nyumbani kwake aliwaombea wagonjwa, wajane, na kiwiko cha Bwana Shauri kilichokataa kunyooka. Tatizo ni kwamba klabu ilikataza Mwafrika kucheza. Lakini Wazungu wana akili, jamani! Wakaamua kwamba mchezo ni mchezo pale tu pointi zinapohesabiwa. Zisipohesabiwa, hayo ni mazoezi, na Mwafrika anayerudisha mipira ni ukuta tu wenye miguu. Miaka ikapita hivyo.

"Karani," aliniambia siku moja, "nataka kitu kimoja tu kabla sijafa. Nicheze na yule bwana, na mtu ahesabu kwa sauti."

Akajipa moyo, akamwambia Bwana Shauri mwenyewe. Bwana Shauri akamjibu kwa ukarimu kwamba sheria ya klabu haivuki lango la klabu: jenga uwanja wako huko mlimani, nami nitapanda, na tutahesabu. Alijua fika kwamba milimani kwetu hata sahani haipati pa kukaa sawa. Rafiki yangu akachukua likizo, akaomba msaragambo, ile kazi ya wote inayoitwa kwa baragumu, ambayo mtu mwenye haya zake haikwepi. Lakini mzee wa kanisa angesimamaje mbele ya watu awaambie waache mashamba wakachimbe pa kuchezea mpira? Akasema tu ni kazi ya kuwafaa watoto wetu: tusawazishe pale, tujenge ukingo upande wa chini, tushindilie udongo mpaka ukaze. Masikini! Mpare ukimwambia hivyo anaelewa jambo moja tu, ndiva, yaani bwawa la kukingia maji ya mfereji. Watu wakashindilia kwa miguu na kwa nyimbo, naye akafurahi, akasema roli la boma halioni ndani. Akashuka Same kumleta mgeni wake. Huku nyuma wazee wa maji wakafungulia mfereji.

Tulipanda naye siku iliyopangwa, Bwana Shauri na kaptura yake nyeupe, mimi nimebeba wavu, mke wa rafiki yangu nyuma yetu. Tukakuta maji yamejaa mpaka ukingoni na akina mama wanapiga vigelegele. Ulikuwa mwaka wa jua kali, maharage yalikuwa yanakauka shambani. Mzee wa maji akaona uso wa rafiki yangu, akamwuliza kwa upole, "Mwenzetu, kwani tumekosea? Ukitaka tunayafungulia yaende bondeni, kesho kutwa pamekauka."

Rafiki yangu akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Shauri yako, baba watoto."

Akautazama wavu niliobeba. Niliumia kumwona. Kisha akasema, "Yaacheni. Watoto hawali tenisi."

Hapo Bwana Shauri, ambaye nafuu yake haikufichika, akapanda ukingoni akahutubia. Akawashukuru wananchi kwa kuutii mpango wa maji ambao Serikali, alisema, ilikuwa imeufikiria siku nyingi. Aliyetafsiri ni rafiki yangu, neno kwa neno, bila kupunguza kitu. Wakaahidiana kucheza siku nyingine. Haikufika, maana Bwana Shauri alipandishwa cheo kwa bidii yake katika mambo ya maji, akahamishwa.

Msicheke sana. Mwingereza kaondoka, lakini hebu tazameni maofisini mwenu. Ni wangapi kati yetu wanaowafundisha kazi wakubwa wao kutwa nzima, na jioni wakaambiwa walikuwa wanasaidia tu? Kwenye matanga ya rafiki yangu mstaafu mmoja wa boma alinyoosha miguu akasema, "Ah, ile tenisi? Walikuwa wanapigapiga mpira tu, nani alijua mshindi?"

Mjane akainua uso. "Jioni zote zile nilikaa nje ya senyenge nachambua maharage kwenye ungo," akasema. "Mume wangu akipata pointi, naweka haragwe kulia. Mzungu akipata, naliweka kushoto." Akafunga vizuri kanga yake. "Ya kushoto hayakuwahi kutosha mboga."

Nikamwuliza kama marehemu alijua.

"Alijua. Nilikuwa namwambia nyumbani kabla ya sala, tunacheka mpaka watoto wanatushangaa."

Basi, ndugu msomaji, ikiwa kazi yako ni kucheza na wakubwa, fanya hima uoe anayejua kuhesabu.