Ntirampeba na Maharage Yake

"Yule bibi hachui maumivu, anachua nguvu," Mwajabu alisema dukani kwake, akimpimia Immakulata chumvi. "Anazifuta mwilini mwako, anakwenda kuzinawia kwenye maharage yake. Jua lote hili, huoni ya kwake yalivyobeba? Ya kwetu je?"

Immakulata alipokea chumvi akatoka. Maneno hayo yalishamfikia mwenyekiti wa kijiji chao, Titye. Jumamosi kuna baraza, na Titye nzima ilikuwa inasema bibi huyo, Ntirampeba, afungashe arudi Burundi, nchi aliyoikimbia mwaka sabini na mbili. Immakulata aliwaka hasira. Mwajabu huyo huyo alipojifungua, nani alimkanda kiuno?

Hakurudi nyumbani. Alikwenda na mtoto wake, Aline, mpaka shambani kwa bibi, akamkuta analima, jembe linapiga ardhi kama lina kesi nayo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuona nguvu zako zilivyozaa?" Ntirampeba aling'oa shina la maharage akalitupa miguuni pa Immakulata. "Haya, chukua zako! Za yule mvivu Pasikali ziko mstari ule. Ndiyo maana maharage ya pale yamedumaa."

Immakulata alicheka. Bibi hakucheka.

Masika yaliyopita, baada ya kubeba mihogo, bega la Immakulata liligoma. Hata kumpandisha Aline mgongoni alisaidiwa na majirani. Ntirampeba ndiye aliyemkalisha mkekani, akapasha mawese kwenye kigae, akapitisha kidole gumba chini ya mfupa wa bega, taratibu, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. "Pumua, mwanangu. Usinikazie." Alipomaliza alitoka, akanawa kwa majivu pembeni ya shamba, akashika jembe.

"Bibi, wanauliza kwa nini unanawia shambani," Immakulata alisema sasa.

"Mawese yakibaki kiganjani jembe linateleza! Nikanawie wapi, kanisani?" Alikita jembe ardhini. "Viuno vyao vyote navijua. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza."

"Mimi nitasema barazani."

"Usiseme. Maneno wanayo wao, watakushinda." Alijifuta jasho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mama Aline, nakuomba kitu kimoja. Jumamosi ukae mbele. Wakiuliza ni nani aliyeibiwa nguvu, usimame, umpandishe mtoto mgongoni kwa mkono ule ule, peke yako, Mwajabu akiona. Utanifanyia?"