Kidonda Kidogo Kwenye Paji la Mke Wangu

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwingine. Mimi ni mzee wa kanisa upande huu wa Kabianga, nina chai na ng'ombe wachache, na kwa miaka mingi nimewasomea watu Neno la Mungu. Lakini nilimshuhudia jirani yangu uongo, na jirani huyo alikuwa mke wangu!

Mama watoto alikuwa na uvimbe kwenye paji la uso, karibu na nywele. Ulikuwa laini, hauumi, mkubwa kama yai la ndege. Kwenye kituo cha kupimia majani chai wanawake walimtania, "Mama Pembe, leo umemchoma nani?" Naye alicheka pamoja nao huku akivuta kitambaa chini. Mimi nilidhani anacheka kweli.

Siku moja aliniuliza kama kitu kama kile kinaweza kutolewa. Nilimjibu kama niko mimbarini. "Mungu ameruhusu kikae hapo, mama. Wewe unataka kumsahihisha?" Hakuuliza tena.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na binti yetu wa kwanza alikuwa anaposwa. Wiki tatu kabla ya wageni kuja, mke wangu aliaga kwenda kumwona dada yake anayeishi Ndanai. Alirudi baada ya siku mbili. Kitambaa kilikuwa kimeshuka hadi kwenye nyusi, na nguo zake zilinuka dawa. Hapo shaka ikaniingia.

Nikaanza kumchunguza kama askari. Asubuhi, alipokuwa akikamua, nilipekua kikapu chake. Nikapata kikopo kisicho na maandishi, ndani yake dawa ya manjano ya kupaka. Nikainusa. Nikakumbuka maneno ya watu, kwamba upande ule kuna mganga anayechanja watu kwa wembe na kuwapaka dawa ya bahati. Ee Mungu wangu!

Alipoingia na ndoo ya maziwa nilimwambia avue kitambaa. Akavua bila kubisha. Uvimbe haukuwepo! Mahali pake palikuwa na alama moja nyembamba, fupi kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho.

"Nani amekuchanja?"

"Sijachanjwa, Baba. Nilienda hospitali ya misheni na dada. Walinidunga sindano ya ganzi, wakakata kidogo, wakaminya, mafuta yakatoka."

"Mafuta? Kwani wewe ni fahali wa kuchinjwa, utolewe mafuta?"

"Dresa aliyenitibu kidonda alisema ni mafuta tu. Sikukuaga vizuri kwa sababu nilijua utakataa. Kwa hilo nisamehe. Lakini hilo lingine unalofikiri, hapana."

Operesheni niliyoijua mimi ni ile ya kaka yangu. Alipasuliwa tumbo, akalala hospitali mwezi mzima, na kovu lake linaanzia kifuani hadi kiunoni. Sasa uvimbe mzima utoke kwenye tundu dogo vile, na mtu arudi nyumbani kwa basi? Udogo wa kile kidonda ndio ulionifanya nisiamini. Nikajiambia, alama ndogo namna hii ni ya wembe wa mganga.

Katika kanisa letu, aliyechanjwa na mganga haikaribii Meza ya Bwana. Ningeweza kupanda basi nikaulize hospitalini. Sikwenda. Jumapili nilipeleka habari kwa wazee wenzangu, nikijiona kama Ibrahimu anayemtoa mwanawe!

Walimwita. Alisema maneno yale yale aliyoniambia. Mzee mmoja akamjibu, "Mama, mafuta hutolewa na mchinjaji." Wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao! Akaondolewa Mezani mpaka atubu. Alikataa kutubia kosa ambalo hakulifanya.

Siku ya posa ikafika. Mursik ya mke wangu, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, inajulikana, wageni huuliza kibuyu chake kwa jina. Siku ile wanawake wa kanisa walikisogeza kando, wakaleta vibuyu vyao. Aliona, akarudi jikoni, akakaa huko hadi mwisho. Baba wa kijana akaniuliza, "Mama wa msichana yuko wapi?" Nikasema anaumwa na kichwa. Uongo mwingine huo!

Miezi miwili baadaye nilijikata mguu kwa panga nikipogoa chai. Nikapelekwa hospitali ile ile. Dresa, mtu wa makamo kutoka upande wa Kakamega, alisoma jina langu kwenye kadi, akatabasamu.

"Kumbe wewe ndiye mzee wa yule mama wa paji la uso! Kidonda kilikauka vizuri?"

Akachukua sindano na uzi, akaendelea.

"Uvimbe ulitoka mzima, kama haragwe linavyotoka kwenye ganda. Alituomba tukate kidogo sana. Alisema kuna posa kwake, anataka wageni wamtazame binti, wasitazame paji lake. Nikamwandikia karatasi akuonyeshe."

Alikuwa akinishona huku akizungumza, lakini sikuisikia sindano.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza karatasi iko wapi. Akafungua kitabu chake cha nyimbo, akaitoa. Ilikuwa na muhuri na kila kitu.

"Mbona hukutuonyesha?"

"Karatasi hata mgeni angeiamini," alisema. "Mimi nilitaka wewe uniamini mimi."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote. Akarudishwa Mezani. Alisema amenisamehe, na yeye hasemi uongo. Sasa nalijua hilo. Lakini posa ya binti yetu haitarudi, na mama yake hakuketi mahali pake.

Na kuna jambo jingine. Tangu siku ile, akitoka popote huniletea karatasi. Akitoka Ndanai ni tiketi ya basi. Akitoka kituoni ni cheti cha majani chai. Huiweka kando ya kikombe changu, bila hasira, kisha huenda kupika. Nimemsihi aache. Hunijibu, "Ni mazoea tu, Baba."

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaokaa viti vya mbele kanisani, jihadharini! Ukiona kwa mtu wako jambo usilolielewa, muulize tena, halafu umsikilize. Kama bado una shaka, panda basi uende ukaone. Usiseme ni uchawi kwa sababu tu wewe hujawahi kuliona.

Namshukuru Mungu kwamba bado tunakunywa chai pamoja. Nina subira. Kila anaporudi nyumbani huitazama mikono yake kabla ya uso, nikiomba iwe mitupu.