Mama Pacha na Bomba la Ushoroba

Mama Pacha hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwao alizaliwa wa sita, na mtoto wa sita hukuta maneno yote yameshasemwa. Mikono yake ndiyo iliyosema. Katika banda lote la kioo hakuna aliyemfikia kwa kuunganisha miche ya nyanya: kata shina la huu, kata la ule, yakutanishe, tia kibanio kidogo kama ukucha wa mtoto, lete mwingine. Mche aliouunganisha yeye ulishika.

Adui yake alikuwa baridi. Miche yenyewe ililala kwenye joto kama vichanga, mabomba ya maji ya moto yakipita chini ya meza zake. Waliosahauliwa ni watu. Chumba cha kuunganishia kilikuwa mwisho wa ushoroba mrefu, karibu na mlango wa kupakilia, na upepo wa msimu wa baridi uliingia humo bila hodi. Ubaridi wa sakafu ya saruji ulipanda hadi magotini. Mwenzake wa meza, mwanamke mtu mzima, alijifunga mitandio hadi yakabaki macho tu, wakamwita Bibi Mitandio.

Asubuhi moja Bibi Mitandio aliangusha trei nzima ya miche. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Nimezeeka mwenzenu," alisema huku akiokota. "Bora niage tu."

"Hujazeeka. Umeganda," Mama Pacha akamjibu, akainuka.

Alimkuta meneja ushorobani, kati ya matoroli. Meneja alikuwa mwanamke wa haraka, hata salamu aliitikia akiwa ameshapita.

"Bosi, naomba mkono wako."

"Kuna nini tena?"

Mama Pacha akaushika kwa viganja vyote viwili. Meneja akaruka.

"Mungu wangu! Umetoka kwenye friji?"

"Nimetoka mezani kwangu. Miche inaota moto, sisi tunaoishika tunaganda. Tuwekee bomba, bosi."

Alishangaa mwenyewe sauti ile ilikotoka. Meneja hakubisha. Alimfuata hadi chumbani, akaketi kwenye kigoda cha Bibi Mitandio, akajaribu kufungua kibanio. Kikamponyoka. Akajaribu tena, kikamponyoka tena. Akatoka, na kesho yake fundi bomba akaletwa.

Fundi mwenyewe alikuwa mdogo wa mume wake Mama Pacha, mtani asiyechoka.

"Shemeji, nasikia umemngurumia bosi. Kaka anajua kwamba alioa simba?"

"Kaza bomba, shemeji. Mdomo haupitishi maji."

Maji yaliyokwisha kupasha meza za miche yalikuwa bado ya moto. Badala ya kuyarudisha moja kwa moja kwenye boila yachemshwe tena, fundi aliyapitisha kwanza chini ya ukuta wa ushoroba, kisha yakazunguka chumba cha kazi, usawa wa miguu. Mama Pacha alimshikia ncha za mabomba, akasimamia hadi pazia zito la plastiki likaning'inizwa mlangoni.

Siku maji yalipofunguliwa, mabomba yaligugumia, yakatulia, joto likapanda taratibu. Bibi Mitandio alivua mtandio mmoja, halafu wa pili, halafu wote.

"Kumbe una vishimo mashavuni!" wenzake wakapiga kelele. Alicheka hadi akafuta machozi, akavuta trei yake.

Nyumbani, shemeji aliyasimulia yote mezani. Mume akaweka kijiko chini. "Nani? Huyu huyu wangu?" Kufikia mwisho wa wiki alikuwa akiwasimulia majirani, na katika hadithi yake Mama Pacha alikuwa amepiga meza ngumi, bosi akatetemeka. Mama Pacha alimsikia kutoka jikoni, wala hakumsahihisha.

Jumatatu aliingia ushorobani koti likiwa wazi. Wasukuma matoroli wakampisha, "Pita, Mama Pacha!" Siku zote alipita pale mbio. Leo alitembea polepole, kichwa juu, akiitikia kila salamu.