Sauti Iliyofunikwa na Kifaransa

Mwaka wangu wa tatu chuoni darasa letu la Kifaransa lilikuwa dogo, na somo lililotupa maringo kuliko yote lilikuwa lile la vyombo vya habari. Asubuhi tulisoma riwaya na mashairi. Mchana tulifunzwa kuandika taarifa, barua za ofisi na maelezo ya filamu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Free Area na msichana mwenzangu wa darasa, na tulifanya mazoezi ya matamshi tukisonga ugali. Watu wakiniuliza Kifaransa kitanifikisha wapi, niliwaambia popote.

Mhadhiri wetu alikuwa Mkenya aliyeishi Ufaransa miaka mingi. Alifunga skafu shingoni hata jua la Nakuru likiwaka. Alikuwa mwalimu mzuri, siwezi kumnyima hilo. Siku moja alituletea filamu fupi iliyorushwa na televisheni moja ya huko, akasema huo ndio uandishi tunaopaswa kuiga: sentensi fupi, hakuna neno la bure. Filamu ilihusu maua ya waridi yanayouzwa Ulaya na watu wanaoyakuza. Akazima taa, akawasha projekta.

Haikuchukua muda, nikamwona mama mdogo.

Alikuwa amekaa nje ya chumba chake mtaani Karagita, amejifunga kitambaa anachokwenda nacho kanisani. Mama yangu alipofariki nikiwa bado shule ya msingi, ni yeye mdogo wake aliyenichukua, akanilea kwa kazi ya kukata maua kwenye grinhausi za shamba moja karibu na ziwa. Aliwahi kunitajia kwa simu kwamba wazungu wenye kamera walipita mtaani wakiwahoji wamama. Nilikuwa nimeshasahau.

Alifungua mdomo, nikasikia maneno mawili matatu ya Kiswahili, kisha sauti ya mwanamke Mfaransa ikamfunika. Ilikuwa sauti nyororo yenye huzuni. Ilisema: tunaingia grinhausi hata kama dawa ya wadudu bado inanuka, hatuna la kufanya, sisi ni watu maskini. Lakini mama mdogo hakuwa amenyamazishwa kabisa. Walikuwa wamempunguza sauti tu, akawa anaendelea kuongea kwa chini, na sauti ile ndiyo iliyoniamsha kwenda shule tangu aliponichukua. Alikuwa anasema: "Siku hiyo tulikataa kuingia. Tulikaa nje wamama wote mpaka harufu ikaisha. Supavaiza alipiga kelele mpaka akachoka."

Nikageuka kuangalia wenzangu. Kila mtu alikuwa ameinama akiandika. Sote tulikuwa Wakenya, Kiswahili tulikiongea tangu utotoni, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kushtuka. Walikuwa wanasikiliza sauti waliyokuja chuoni kujifunza kuisikiliza. Hadi leo sijui ni nini kiliniuma zaidi, uwongo wa filamu au zile kalamu zilizokuwa zikiuandika kama mfano mzuri.

Niliinua mkono, nikasema huyo mama hakusema hivyo. Mhadhiri alinijibu kwa upole kwamba tafsiri ya televisheni haiendi neno kwa neno, kwamba mtazamaji amechoka na lazima asaidiwe. Nikamwambia huku si kufupisha. Mama amesema alikataa, wao wamemfanya amekubali.

"Hapa tunasoma Kifaransa," akasema. "Kiswahili cha huyo mama si somo letu."

Sikumwambia huyo mama ni nani kwangu. Niliona nikitaja tu, machozi yatatoka, na sikutaka kulia mbele yake. Msichana niliyepanga naye chumba alinivuta nguo, nikakaa. Kisha tukapewa kazi: kila mtu achambue lugha ya filamu ile na kuja kuwasilisha mbele ya darasa.

Jumamosi nilikwenda Karagita. Mama mdogo alikuwa anafua, na jirani yake, ambaye wamefanya kazi pamoja miaka mingi, alikuwa ameketi kando akichambua sukuma wiki. Niliwaonyesha filamu kwenye simu, nikawatafsiria walivyosemewa. Jirani alicheka, akidhani natania. Mama mdogo hakucheka. Alifuta mikono kwenye leso akaniambia nirudishe nyuma, asikie tena.

Akaniuliza kama huko Ufaransa watu wengi wameiona. Nikasema inaonekana ni wengi.

"Kwa hivyo huko mimi najulikana kama mtu wa kulialia."

"Ndivyo walivyokuonyesha."

"Na ile siku, huyu hapa aliitwa ofisini akaambiwa atafukuzwa kazi." Akamwonyesha jirani kwa kidevu. "Tukasema akifukuzwa tunatoka wote. Hiyo pia niliwaambia. Walitingisha kichwa, nikajua wameelewa."

Hiyo haikuwa ndani ya filamu kabisa. Walikuwa wameikata.

Alirudi kwenye beseni lake, akafua shati moja hadi mwisho. Halafu akaniuliza, bila kuniangalia, "Hicho Kifaransa chako, kina neno la kukataa?"

Nikamwambia kinalo.

"Basi niandikie hilo."

Siku ya kuwasilisha sikuchambua uzuri wa sentensi. Niliandika kwa Kifaransa kile mama mdogo alichosema, na kando yake kile alichosemewa, nikasoma vyote viwili. Mhadhiri alinikatiza, akasema nimetoka nje ya swali. Hapo ndipo msichana wa chumbani kwangu, ambaye hakupenda ugomvi hata kidogo, aliposimama akaomba filamu ichezwe tena, ili darasa lisikilize ile sauti ya chini. Mhadhiri alisita, lakini wengine nao wakaomba. Akaicheza.

Safari hii hakuna aliyeandika. Maneno "tulikataa kuingia" yalisikika wazi kabisa, na mtu wa nyuma akayarudia polepole, kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili. Mhadhiri akazima mashine, akasema muda umeisha.

Alinipa alama ya kufeli. Nilikwenda kwa mkuu wa idara, mama mmoja mpole, ambaye alimpa mhadhiri mwingine kazi yangu aisahihishe upya, nikapita. Alinionya nisizoee kushindana na walimu. Nilimshukuru, maana nilihitaji kumaliza, lakini nilitoka pale nikiwa nimekasirika kuliko nilivyoingia. Kuhusu filamu yenyewe hakuwa amesema lolote.

Nikaiandikia televisheni ile kwa adabu zote nilizofundishwa katika somo la barua za ofisi. Walinijibu kwa adabu kunizidi. Walisema wanaheshimu sana ushujaa wa wanawake hao, na kwamba maneno yalirekebishwa kidogo ili yaeleweke. Filamu haikuguswa.

Muhula uliofuata mhadhiri aliniita ofisini. Alisema ameifikiria tena kazi yangu na angependa kuitumia katika makala yake ya mkutano wa wasomi. Nilimuuliza kama mama mdogo atatajwa. Ndipo nikamwambia kuwa yule wa kwenye filamu ndiye aliyenilea. Akagusa skafu yake, akasema pole. Kisha akasema katika utafiti wahojiwa hawatajwi, ndiyo kanuni. Nikamwambia kazi yangu simpi. Tangu siku hiyo tulisalimiana kwa kichwa tu hadi nilipohitimu.

Sasa naandika manukuu ya filamu za watu wengine, yale maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, nikifanyia kazi nyumbani kwangu mtaa wa Kiamunyi. Mama mdogo aliacha shamba la maua kifua kilipoanza kumsumbua, akahamia kwangu. Filamu ile bado iko kwenye mtandao, na chini yake watu wanaandika: maskini huyu mama, jamani inasikitisha. Wakati mwingine ananiomba nimsomee wanachosema. Nikimsomea anasonya, anainuka, anakwenda kuangalia kuku wake.

Mwezi uliopita niliandika hapo chini, kwa Kifaransa, alichokisema hasa. Mtu mmoja akanijibu kwa ukali, akitaka kujua mimi ninajuaje kuliko wataalamu walioitafsiri. Nilianza kumjibu mara kadhaa, kila mara nikifuta. Mwishowe nilimwandikia kwamba ashushe ile sauti nyororo kichwani mwake, atafute Mkenya yeyote, amkalishe karibu, wasikilize pamoja. Bado hajajibu.