Upande wa Dirishani

Asikudanganye mtu, kuendesha lori la saruji si kazi ya kubembelezwa. Bi Gia ameifanya miaka ishirini na sita, na jina hilo alipewa na madereva wenzake waliokuja kumcheka siku yake ya kwanza, wakaondoka vinywa wazi. Alilirudisha nyuma lile dude na shehena yake yote mpaka mlango wa ghala bila kugusa ukuta, akashuka, akawauliza kama kuna mwingine anayetaka kuegeshewa. Huyo ndiye mwanamke ninayemsimulia. Kwa hiyo mkisikia kwamba siku moja alijificha jikoni, mjue halikuwa jambo dogo.

Uso ndio uliomponza. Usukani wa lori lake uko kulia, basi shavu la kulia limepakana na dirisha siku zote. La kushoto lilibaki laini, limejaa. La kulia lilikunjamana: mistari kutoka pembe ya jicho hadi karibu na sikio, mingine ikishuka mpaka kwenye taya, na ngozi yenyewe imekuwa nene, ina madoa. Utingo wake, mzee mwenye mdomo usio na breki, alizoea kumwambia, "Bosi, mtu akikutazama kushoto anataka kukuposa. Akizunguka kulia, anakupa shikamoo!" Bi Gia alicheka kila mara. Nyumbani, mbele ya kioo, hakucheka.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alisomea mambo ya ngozi, akafanya kazi hospitalini miaka minne, hatimaye akafungua chumba chake mwenyewe cha matibabu. Siku tatu kabla ya ufunguzi mama mtu akamfuata huko, akajitupa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Mwanangu, nichome ile sindano ya kunyoosha uso. Watu watasema nini? Wewe unatengeneza ngozi za watu, mama yako anafanana na begi lililokaliwa!"

Binti akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Mama, sindano ile inalegeza misuli. Inafaa mikunjo inayokuja mtu akicheka au akikunja uso. Hii yako ni ya jua, limekula ngozi kwa ndani. Nikikuchoma nitakuwa nakudanganya."

"Jua gani? Kioo cha dirisha la lori nimekipandisha miaka yote kwa sababu ya vumbi!"

"Kioo kinazuia lile jua la kuunguza, mama. Lile la kuzeesha linapita tu."

Bi Gia alilia siku ile, machozi ya hasira kuliko ya huzuni. Alibembeleza, akagomba, akakumbushia hata uchungu wa kuzaa, lakini binti hakutikisika. Basi naye akatoa uamuzi wake: siku ya ufunguzi atakaa nyuma, atachemsha chai, na mtu asimwite.

Siku ikafika. Nyuma kulikuwa na kijichumba chenye sinki, jiko la umeme na pazia badala ya mlango. Akiwa nyuma ya pazia hilo Bi Gia aliwasikia wageni wakijaa, kumi na wawili kama si kumi na watatu. Akamsikia binti akifafanua taratibu, bila papara: krimu ya kukinga jua kila asubuhi, hata siku ya mawingu, sigara kwaheri kabisa, krimu ya vitamini A usiku, tena kwa miezi, si kwa siku mbili, leza kwa mikunjo iliyozama, na hiyo kwa uangalifu mkubwa. Mkorogo wa kujichubua asithubutu mtu kuutaja humu ndani. Kifua cha mama kilijaa. Huyu ni wangu, alijisemea, mimi ndiye niliyemzaa huyu.

Ndipo mwanamke mmoja, karani wa benki kwa jinsi alivyojitambulisha, akadakia. "Dada, tusidanganyane. Mimi kutwa niko ofisini, meza yangu iko dirishani na dirisha limefungwa. Jua litanipatia wapi? Semeni tu mnataka tununue makrimu yenu."

Wengine wakaguna. Mmoja akacheka. Viti vikaanza kukwaruza sakafu, mikoba ikaokotwa, na sauti ya binti ikapwaya kama alipokuwa mdogo na kilio kiko karibu. Bi Gia alijua kwamba hawa wakitoka sasa hivi, kabla ya jioni mtaa mzima utakuwa umeambiwa humu ndani ni longolongo tupu, na jasho lote la mtoto limekwenda na maji. Akapiga moyo konde, akasukuma pazia, akatoka na kitambaa cha vyombo begani.

"Nitazameni," alisema, akiwaelekezea shavu la kushoto. "Mnanipa miaka mingapi?"

"Arobaini," akajibu mmoja. "Au na tano."

Akageuka. Wakaanza kutazamana.

"Semeni jamani, siumi!"

"Sitini na kitu," karani akasema kwa sauti ndogo.

"Nina hamsini na mbili. Uso ni huu huu mmoja, sabuni ile ile, mafuta yale yale. Nimeendesha lori miaka ishirini na sita, na upande huu ndio wa dirishani. Kioo nilikifunga kama wewe, mama wa benki, nikajiona mjanja."

Mkoba wa karani ukarudi mapajani. Lakini naye si mtu wa kuachia kirahisi. "Sasa mbona binti yako hajakutengeneza?"

Binti akafungua mdomo. Mama akamwahi.

"Alikataa! Juzi nimekaa kwenye kiti kile nikalia, nikamwomba sindano ili leo nipendeze. Akasema haitanifaa, hanichomi. Mimi, mama yake mzazi! Hebu niambie, angekuwa mtu wa kudanganya watu, si angeanza na mimi niliyekuwa nataka kudanganywa?"

Chumba kikaangua kicheko, na karani akacheka kuliko wote. "Haya, yaishe. Niangalie mimi basi."

"Utanisubiri kidogo, dada," binti akasema, machozi yakimlengalenga. "Mama, njoo ukae. Tutapunguza panapopunguzika. Haitaondoka yote."

"Najua. Anza."

Kiti kilikuwa karibu na mlango wa kioo, chini ya taa kali, na wapita njia walishaanza kusimama kuchungulia. Binti akauliza kama ashushe pazia la mlangoni.

"La nini?" Bi Gia akasema, akainua kidevu na kuwageuzia shavu la kulia.